Utumbo, Maharage na Fundi wa Friji

Soko la nyama lilikuwa limefurika. Visu viligonga mbao, wachinjaji walipigiana kelele, na kila aliyepita mbele ya ndoo za utumbo aliziba pua na kuongeza mwendo. Mmoja tu ndiye aliyesimama: msichana wa gauni la njano lenye vifungo vyeupe, miguuni mabuti ya mpira. Kazini walimwita Sinki, kwa kuwa alikuwa muosha sufuria wa mkahawa wa mapishi ya Kiitaliano. Jina hilo alikuwa ameapa kulivua.

Katikati ya ndoo zile, nyuma ya friji lililofunguliwa mgongo, kijana wa ovaroli ya buluu alikuwa ameketi juu ya kreti, anakula mkate na parachichi. Ametulia kama yuko bustanini.

"Kaka, samahani. Unakulaje hapa?"

"Kwa mdomo," akajibu. "Karibu. Parachichi linatutosha."

"Humu humu, kwenye utumbo?"

"Utumbo haujanikosea kitu, dada yangu. Mwenye matatizo ni huyu friji." Akachovya brashi kwenye povu la sabuni, akapaka bomba. Kipovu kikavimba. "Umeona? Gesi inavujia hapa."

Sinki alicheka mpaka muuza utumbo akasahau kumpandishia bei. Aliondoka na mfuko mkono mmoja, na kwenye kiganja cha mkono wa pili namba ya simu ya fundi.

Jioni akampigia.

"Utumbo wangu haujambo?" fundi akauliza.

"Haujambo, unakusalimu."

"Wote ule wa nini? Kuna harusi?"

"Kuna mtihani." Akamweleza. Mwenye mkahawa, mama asiyecheka ovyo, alikuwa amekubali kuonja chakula chake kimoja. Akikipenda, Sinki anahamia jikoni. Asipokipenda, ni masufuria mpaka vidole vichakae. Na chakula chenyewe ni tambi fupi za Kiitaliano, utumbo na maharage.

"Kwa nini usipike kuku? Kuku hana maadui."

"Kuku kila mtu anapika. Mimi nataka wale kile wanachokizibia pua, kisha waombe kuongezwa."

"Basi niwekee sahani yangu," fundi akasema, na sauti yake ikamkaa Sinki kifuani usiku kucha.

Wakapendana hivyo, kwa simu na kwa sufuria. Kila jioni Sinki alichemsha utumbo kwenye chumba alichopanga na dada yake, na harufu ikamganda nyweleni na nguoni. "Mdogo wangu," dada alimtania, "wewe utaolewa na mchinjaji." Siku moja yeye na fundi walikaa kwenye benchi la bustani, mama mmoja akanusa, akamshika mwanawe mkono, akainuka. Sinki aliinamisha uso. Fundi akasogea, bega kwa bega. Tangu hapo, Sinki alijua amepata mtu.

Tena fundi alikuwa mwonjaji mgumu. "Maharage tayari," alikuwa akisema, macho ameyafumba. "Utumbo bado, katikati kuna kampira."

Siku ya mtihani ilimkuta fundi akitengeneza friji la mkahawa. Sinki akafunga kitambaa chekundu kichwani, akapunguza moto.

"Mpenzi, namfuata mama ofisini. Ukisikia harufu ya kuungua, zima."

Fundi alisita kidogo. "Sawa."

Akavuta kiti, akaikazia macho sufuria. Lakini maharage, yaliyopondwa nusu ili rojo liwe zito, yalikuwa yanashika chini. Juu kulikuwa shwari.

Harufu iliwapokea mlangoni. Mama akasimama hapo hapo, hakuingia.

"Karibuni," fundi akasema huku akitabasamu. "Kila kitu kiko salama."

"Hiki ndicho ulichotaka nionje?" mama akamuuliza Sinki, akageuka akaenda zake.

Sinki alizima gesi mwenyewe. "Hukusikia?"

"Sisikii harufu. Niliugua utotoni, pua ikabaki pambo."

"Na ukaniambia sawa!"

"Niliogopa. Mpishi gani atamtaka mtu asiye na pua?"

Sinki alisukuma sufuria pembeni. Kilichomuuma hakikuwa sufuria tu. "Kwa hiyo siku zote zile nilizokuwa nanuka... kumbe hukujua tu." Akafungua mlango wa nyuma. "Nenda, fundi."

Simu ililia, hakupokea. Ikalia tena, akaigeuza kifudifudi. Hakulia sana, alikuwa na kazi. Alimfuata mama ofisini, akasimama wima.

"Mama, chakula kiliungua, hakikushindwa. Naomba tena."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Mara moja tu. Jumatatu, tukiwa tumefunga."

Akarudi kuchemsha na kuonja, kuonja na kuchemsha, mpaka ulimi ukachoka asijue kigumu wala laini. Akampa dada aonje.

"Mimi najua chumvi tu," dada akasema. "Mwite yule mwenye meno."

"Alinidanganya."

"Kuhusu pua. Kuhusu utumbo alikudanganya lini?"

Sinki akachukua simu.

"Fundi."

"Mpenzi!"

"Usinipende kwanza. Njoo Jumatatu na meno yako."

Akaja amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi. Sinki akamkabidhi uma. "Mimi pua, wewe meno. Na usiseme sawa kama si sawa."

Utumbo ukachemka na siki kidogo na jani kavu la kiungo. Maji ya kwanza yakamwagwa. Ukakatwa vipande vyembamba, ukaingia kwenye vitunguu, karoti na nyanya.

"Bado," fundi akasema. Baadaye: "Bado." Kisha akatafuna taratibu. "Sasa."

Maharage yakafuata. Mwiko haukutulia.

"Siku ile kwenye benchi," Sinki akasema bila kumtazama, "ulisogea kwa sababu hukusikia harufu."

"Harufu sikusikia. Macho ninayo. Nilimwona yule mama akiinuka, nikaona ulivyoinama. Nikajua. Ndiyo maana nikasogea."

Mwiko ukasimama.

"Yatashika," fundi akanong'ona.

"Naona," Sinki akajibu, akakoroga.

Tambi, mrehani, jibini juu. Mama alikula. Aliweka uma chini, akaomba mkate, akafuta nao sahani mpaka ikang'aa.

"Nani aliyepima ulaini wa utumbo huu?"

"Huyu."

"Na harufu?"

"Mimi."

Mama akainuka. "Kesho uje na aproni safi. Wa kuosha sufuria nitamtafuta."

Walipobaki wawili, fundi alikunja mikono ya shati, akasimama kwenye sinki, akaanza kusugua.

"Niambie, chumba kinanukiaje?"

Sinki akafumba macho. "Vitunguu. Nyanya. Mrehani. Na utumbo, kidogo, kwenye nywele zangu."

"Uwe unaniambia kila jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka meno haya yaishe. Nitakwenda kwa dada yako, nizungumze kama mtu mzima."

Sinki akamrushia povu shavuni, na badala ya kulifuta, akaweka shavu lake hapo hapo.

"Nenda. Ila uoge kwanza, mume wangu mtarajiwa. Leo na wewe unanuka utumbo."