Ua la Mama Limelala

Mwaija na mumewe Nurdin wanaishi Ilemela, karibu na ziwa, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe makubwa. Uwanja wao ni mdogo. Udongo upo sehemu moja tu, katikati ya mawe mawili. Hapo Mwaija alipanda ua la mama yake.

Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, kijijini karibu na Kigongo. Mwaija hakuchukua vyombo wala vitenge. Alichimba ua lililokuwa mlangoni kwa mama, akarudi nalo kwenye kikapu. Ni ua la porini, linaloota kwenye nyasi. Mvua za kwanza zikinyesha linachanua, duara jekundu kubwa kuliko ngumi mbili. Mama aliliita ua la mvua.

Nurdin ni mtu wa utani. Kila asubuhi alilisalimia ua lile.

"Shikamoo, mama mkwe!"

Mwaija alicheka mpaka akashika mbavu.

Ikafika Juni. Mvua zikakatika. Majani ya ua yakawa ya njano. Mwaija akashtuka.

"Baba Hadiya, ua la mama lina kiu. Uwe unatawadhia hapa, maji yasipotee bure."

Nurdin akakubali. Swala tano kila siku, na maji yote yalimwagika kwenye ua. Mwaija akaongeza maji aliyooshea mchele. Watu wema hawa! Walilipenda ua mpaka wakalizamisha.

Majani yote yakaanguka. Nurdin akaacha utani. Mwaija alikaa juu ya jiwe, akalia.

"Kitu kimoja tu cha mama, nacho kimenishinda!"

"Hodi!" Alikuwa jirani yao Paskazia, anayeuza maua na miche barabarani. Alikuja kuazima kinu. "Mama Hadiya, unalia nini?"

"Ua la mama limekufa."

Paskazia aliinama, akafukua udongo kwa vidole.

"Nani kakwambia limekufa? Limelala!"

"Limelala?"

"Ndiyo! Kiangazi majani yake hukauka. Chakula chake kiko huku chini, kwenye tunguu hili linalofanana na kitunguu. Linasubiri mvua. Lakini jamani, mbona hapa matope? Nani anamwaga maji?"

Nurdin aliangalia kopo lake. "Mimi, dada. Natawadhia hapo."

Paskazia akacheka sana. "Mungu azipokee swala zako, shemeji. Lakini huyu amelala, na wewe unamnawisha mara tano kwa siku!"

Wakachimba. Yalitoka matunguu matatu. Moja lilikuwa laini na lilinuka. Wakalitupa. Mawili yalikuwa magumu.

"Haya mazima!" Mwaija alishangilia, akakimbia nayo jikoni.

"Unayapeleka wapi?" Paskazia aliuliza.

"Kwenye kapu la vitunguu, yakauke."

"Usithubutu! Yana sumu. Mtu akiyakatia kwenye mchuzi, mtapelekana hospitali. Yaweke mbali na jikoni na mbali na watoto. Kisha unawe mikono."

Wakayakausha kivulini, juu ya ukuta. Yalipokauka, Paskazia alirudi. Wakachukua ndoo ya zamani, wakaitoboa chini ili maji yasituame. Wakatia kokoto, kisha udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza.

"Shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo," Paskazia alisema. "Weka ndoo chini ya paa. Usimwagilie mpaka mvua zianze. Na likishachanua, majani yatatoka. Usiyakate yakiwa mabichi. Hayo ndiyo yanalisha tunguu kwa mwaka unaofuata."

Nurdin akahamia kutawadha kwenye gunia la udongo walimopanda mchicha. Mchicha ukanenepa!

Julai ikapita, Agosti ikapita. Ndoo ilikaa kimya. Siku nyingine Mwaija alishindwa kuvumilia, akanyanyua kopo la maji. Nurdin akamshika mkono.

"Mwache mama mkwe alale."

Oktoba, radi ikapiga juu ya ziwa. Mvua ikashuka! Mwaija alitoa ndoo nje huku akilowa, akicheka kama mtoto. Kila siku aliichungulia. Siku moja akaona ncha mbili zinasukuma udongo. Hakuthubutu hata kuzigusa.

Kisha alfajiri moja Nurdin alitoka kutawadha. Kulikuwa kunaanza kupambazuka.

"Mama Hadiya! Njoo! Njoo haraka!"

Mwaija alitoka mbio bila viatu. Jani halikuwepo hata moja. Yalikuwepo maua mawili mekundu, ya duara, yamesimama wima kwenye ndoo kuukuu. Yalikuwa yale yale ya mlangoni kwa mama.

Mwaija akapiga vigelegele. Nyuma ya mawe, Paskazia naye akaitikia kwa vigelegele.

Nurdin aliweka kopo lake mbali kabisa na ndoo. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema. "Umeamkaje?"