Jicho la Kulia la Ooko

Jua lilikuwa linazama nilipobisha geti la Ogola kule Milimani, Kisumu, sanduku la rangi begani na njaa tumboni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Picha ilikuwa imeshatangulia tangu asubuhi, imebebwa kwa gari kutoka chumba changu cha kazi Otonglo. Kilichobaki ni yale mambo ambayo mimi huyaweka mwisho, familia ikiwa inaangalia: nuru machoni, nuru kwenye pua na mdomo wa chini, na miguso ya mwisho kwenye kingo za mabega. Nilijiambia nitamaliza haraka, ninywe chai yao nzuri ya Milimani, nirudi kwangu kabla giza halijawa nene.

Mimi ni Metrine Nasike, mtu wa Kimilili, na nachora wafu. Usinicheke, ni kazi. Watu wa huku huzika kwa heshima, na kando ya jeneza lazima kuwe na sura kubwa ya marehemu. Wengi hukuza picha ya simu mpaka uso unakuwa kama uji. Mwenye uwezo huja kwangu kwa rangi za mafuta, kwa sababu mimi najua kwamba ngozi ya mtu si kahawia moja. Sikio lina wekundu. Taya iliyonyolewa ina buluu ya mbali. Chini ya jicho kuna kijani kidogo ambacho hukioni mpaka ukikose. Nikimaliza, mama mtu huwa anaanza kulia kabla hata sijaosha brashi.

Mwalimu wangu, marehemu Wepukhulu, alikuwa na sharti moja kwa picha za wafu. Mwachie ukingo mmoja upotee, alikuwa akisema. Yaani bega moja liyeyuke kwenye rangi ya ukuta ulio nyuma, usijue mtu ameishia wapi na ukuta umeanzia wapi, ili apate mahali pa kuegemea. Ukimkata pande zote atasimama nje. Miaka yote nilidhani mzee alikuwa anazungumzia urembo tu.

Aliyenifungulia mlango ni Dorca, mjane mwenyewe. Mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, mkono wa kushoto umepinda pale ulipovunjika ukaunga vibaya. Sikuhitaji kuambiwa nani aliuvunja. Otonglo nzima ilimjua marehemu mumewe, Ooko, na mikono yake.

Shemeji yake Ogola alikuwa nje kwenye simu, akipanga magari ya mazishi. Dorca akanivuta karibu na ile picha na kunong'ona haraka haraka. Kwamba siku ya mazishi, wakishamfukia Ooko kule kijijini kwao Kisian, yeye hataingia tena nyumba hii. Begi lake liko tayari. Kwamba Ogola hataki kusikia hayo, anasema mke ni wa boma na atakaa bomani. Na kwamba marehemu, kabla presha haijamwangusha bafuni, alikuwa akimwambia kila akimaliza kumpiga: hata nikifa, wewe hutoki.

Akanishika kiganja.

"Mama, nakuomba. Usimpe macho."

Nikamwambia picha isiyo na nuru machoni ni maiti.

"Si ndivyo alivyo?" akasema.

Nikainama kufungua sanduku la rangi.

Ogola akaingia. Mtu mkubwa, shingo nene, anaongea kama kila mtu ni dereva wake. Akaiangalia picha, akaridhika, kisha akaona lile bega la kulia nililoliyeyusha. Akauliza mbona ndugu yake amefutika. Nikamweleza. Hakutaka kuelezwa. Alitaka bega likatwe vizuri, pande zote, mtu aonekane.

"Nataka atoke kwa hiyo ukuta," akasema.

Nilibishana naye kidogo, tena kwa ukali, maana watu wa kunifundisha kazi yangu hunipandisha damu. Lakini mteja ni mteja. Nikachukua brashi bapa, nikachovya rangi nzito, nikakata ukingo wa bega kutoka shingoni mpaka kwenye kiwiko. Na nisidanganye... ulikuwa ukingo mzuri. Ooko alisogea mbele. Kiganja chake cha kulia, nilichokichora kimetulia juu ya mgongo wa kiti, kikawa kama kitu unachoweza kukisalimia. Dorca akarudi nyuma hadi ukutani.

Hapo ndipo upepo ulipoanza.

Ulitoka ziwani, wa baridi, ukiwa na harufu ya matope na magugu. Mara tukasikia kutoka bondeni Nyalenda: kang, kang, kang. Sufuria moja. Halafu kumi. Halafu mabati, masufuria, vifuniko, mtaa mzima. Mtu wa Kisumu haulizi hiyo ni nini. Ni nyawawa wanapita, zile roho zinazotembea na upepo wa ziwa zikitafuta pa kuingia, na kila nyumba hugonga chochote cha chuma ili zipitilize. Mwaka wangu wa kwanza Otonglo niliwacheka majirani. Mwaka wa pili nikawa nagonga na mimi, kimya kimya, kidogo tu, ili nisionekane mgeni.

Lakini Milimani hakuna anayegonga. Mageti yamefungwa, taa zimewaka, kila mtu anajifanya hasikii.

Dorca alikimbia jikoni akarudi na sufuria na mwiko wa chuma. Akagonga kama mtu anayezima moto. Ogola akamfikia kwa hatua ndefu, akampokonya, akamsukuma akaangukia kiti. Alisema hapa si kijijini. Majirani watasema nini. Halafu, ile sufuria ikiwa imekumbatiwa kifuani mwake, akanigeukia.

"Wewe. Weka macho tumalize."

Nilikuwa na brashi nyembamba mkononi, ncha yake ina tone la nyeupe iliyochanganywa na buluu kidogo sana. Mkono wangu umefanya kazi hiyo mara nyingi hivi kwamba haungojei ruhusa ya kichwa. Nikagusa jicho la kulia. Nukta moja.

Jicho likaona.

Sijui nikuambieje. Nukta ile hufanya uso uamke, hiyo ndiyo kazi yake, nimeizoea. Hii haikuwa hiyo. Kelele za Nyalenda zilikatika zote kwa pamoja. Nikasikia harufu... si ya rangi, si ya tapentaini. Dawa ya mochari. Na ndani yake, sigara.

Halafu kofi.

Kofi la kiganja kizima, la nguvu, la mtu aliyezoea. Dorca aliruka kutoka kwenye kiti akaanguka kifudifudi kwenye vigae. Alipoinua uso, mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na damu inachuruzika kidevuni. Nikamgeukia Ogola nimtukane. Ogola alikuwa mbali naye, sufuria bado ameikumbatia kwa mikono miwili.

Nikaangalia picha.

Juu ya mgongo wa kiti hapakuwa na mkono.

Palikuwa na ile kahawia ya chini tu, rangi ninayopaka kabla ya kuanza kuchora. Nyuma yangu Dorca akatoa sauti ya mtu anayekabwa. Shingoni kwake rangi ilikuwa inajitokeza yenyewe, mbichi, inang'aa. Kidole, kidole, kidole. Niliijua. Kahawia iliyoiva kwenye vifundo, wekundu kwenye ncha, ule ubuluu-kijani wa mshipa niliohangaika nao siku nzima. Ni mimi niliyeuchanganya. Vidole vikazama ndani ya nyama, na miguu yake ikaanza kupiga sakafu.

Nilimpigia Ogola kelele anisaidie. Hakusogea. Uso wake ulikuwa na kitu kibaya kuliko woga. Ulikuwa na furaha.

"Mwache kidogo," alisema kwa upole. "Ajue yuko na mwenyewe."

Yawa! Nilikasirika hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilirukia ile picha na kitambaa ili nifute jicho. Kitu kikanidaka mkono hewani, na kidole changu cha kati kikakunjwa nyuma, polepole, mpaka nikakisikia kikivunjika kama kijiti. Nikapiga yowe. Lakini kwa kunishika mimi, Ooko alikuwa amemwachia Dorca. Nikamwona anatambaa, anakohoa damu, anaelekea kushoto kwa Ooko, upande ule wa jicho nililokuwa sijalitia nuru.

Na mkono ukamkosa.

Uliniachia, ukaanza kumtafuta. Hatukumwona mtu, tuliona alama tu. Kiganja cha rangi ukutani. Kingine karibu yake. Kingine kwenye pazia. Kilikuwa kinapapasa kama kipofu, kinapiga ukuta mweupe wa Ogola kwa ngumi, pa, pa, plasta inamwagika. Nikaelewa. Nilikuwa nimempa jicho moja, na upande mwingine haoni kitu.

"Kaa hapo hapo," nikamnong'oneza Dorca. "Usitoke huo upande."

Ogola akaelewa pia, na akataka kumvuta Dorca kwa kitambaa cha kichwa amrudishe upande unaoonwa. Ili amfikie, ilibidi apite mbele ya lile jicho.

Mkono haukuchagua. Ulimkuta yeye, ukamwinua kwa koo lile nene mpaka viatu vikaacha sakafu, ukamgongesha kabati la vioo. Mara moja. Mara ya pili. Vioo vikashuka juu yake na damu ikaruka mpaka kwenye kochi. Alikuwa anamwita ndugu yake kwa jina, na kila akimwita anapigwa.

Nililowesha kitambaa kwa tapentaini, nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikaanza kufanya kazi yangu kinyume. Bega la kulia, nikaliburura hadi ndani ya ukuta. Bega la kushoto. Nywele. Shavu. Kila ukingo nilioukata nikautia ukungu, nikamchanganya na kile kilicho nyuma yake, na kila nilipovuta nilimsikia Ogola akipata pumzi kidogo. Mwisho nikafika kwenye jicho. Lilikuwa linaniangalia mimi. Nikaweka kidole gumba juu yake nikasukuma.

Kimya.

Mbali, Nyalenda, sufuria moja ikagonga. Halafu nyingine.

Ogola alikuwa chini, anakoroma, hai. Mkono ulikuwa umerudi kwenye picha, juu ya kiti. Lakini mimi nilichora kiganja kilichotulia, na sasa pale palikuwa na ngumi.

Dorca alichukua begi lake usiku huo huo. Sikumwuliza kuhusu mazishi wala mila, wala yeye hakuniuliza kama nina uhakika. Nilifungwa kidole hospitali, na asubuhi nikampandisha gari la Bungoma, akakae kwetu Kimilili kwa mama yangu, mbali na ziwa na upepo wake. Ile rangi ya shingoni ilikuwa bado haijatoka. Tulikuwa tumeisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya kupikia, kwa tapentaini mpaka ngozi ikachubuka. Ilififia tu.

Kisian walimsema vibaya sana. Mjane gani hukimbia mazishi ya mumewe? Ogola aliwaambia madaktari ameteleza kwenye rangi iliyomwagika akaangukia kabati, na kila mtu akakubali, kwa sababu rangi kweli ilikuwa imemwagika na kabati kweli lilikuwa limevunjika. Mimi sikuulizwa neno. Na siku hizo zote sikuwa na amani, maana ile picha sikuibeba. Kidole kinauma, Dorca anatema damu, nani angekumbuka picha? Niliiacha imesimama pale pale.

Siku ya mazishi, saa sita mchana, jua kali, nimekaa nje ya chumba changu nikimenya viazi kwa mkono mmoja. Simu ikaita. Ogola. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo, na nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba amepata fundi mwingine, kijana wa mjini, mikono yake ni mizuri. Amesafisha picha yote. Amekata bega vizuri.

Nikamwambia aichome. Nikamwambia yeye mwenyewe iliwahi kumkaba.

"Alikosea," Ogola akasema. "Alikuwa na jicho moja."

Nilingoja aniulize Dorca yuko wapi. Hakuuliza. Hilo ndilo lililonikata maini.

"Sihitaji kusumbua mtu kumtafuta," akasema. "Sasa ana macho mawili. Atamleta mwenyewe."

Nikakata simu, nikampigia mama. Viazi vimemwagika. Akapokea kwa ile sauti yake ya kuchambua maharagwe. Nikamwambia achukue sufuria, achukue chochote cha chuma, agonge, aite majirani wagonge. Akaniuliza tugonge kwa nini, nani amekufa. Kimilili hakuna anayejua nyawawa. Nikamwomba. Nikalia. Nikamwuliza Dorca yuko wapi.

"Yuko hapa tu mlangoni," mama akasema. "Alikuwa anakula vizuri, sasa ameacha. Anasema kuna mtu ananuka dawa."

Nikasikia upepo kwenye simu.

Nikasikia kofi.

Nikamwita mama, nikamwita tena. Simu ikagonga sakafu, halafu ikaokotwa. Aliporudi alikuwa ananong'ona.

"Nasike, mwanangu... hii rangi shingoni mwake, mbona ni mbichi?"