Saini ya Sumayiya

Ngurumo ya kwanza ilipopiga Wandegeya, jijini Kampala, duka la kuchapisha lilikuwa limefurika wanafunzi. Msichana mmoja mwenye ovaroli ya buluu na mtandio wa manjano alipenya katikati yao, akachomoa plagi ya mashine.

"Dada nyabo, kazi yangu!" alilalamika Ocaya, kijana mrefu, shati jeupe limemganda mgongoni kwa mvua.

"Unataka radi ndiyo ikuchapishie?"

Watu wakacheka. Kumbe wote wawili walikuwa wa kazi moja: Ocaya alifunga sola, na msichana huyo, Sumayiya, alikagua kinga za radi. Mvua ilipokatika, Ocaya alikuwa na namba yake ya simu. Mwezi uliofuata Ocaya akaajiriwa kwenye kampuni aliyofanyia kazi Sumayiya.

"Umekula, mukwano?" Ocaya, sasa mpenzi wake, alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Nimekula. Unataka nikutumie mifupa?"

Mwezi Machi, Ocaya alitumwa kaskazini, Lamwo, kufunga sola na kinga ya radi kwenye zahanati ambayo nguzo za umeme hazijaifikia. Sumayiya alibaki kitandani na malaria.

"Fimbo ya shaba izame yote ardhini," alimwambia kwenye simu. "Bila hiyo, kinga ya radi ni pambo tu. Halafu upime kama ardhi inapokea umeme."

"Nimeshapima, mpenzi. Vipimo ni vizuri mno. Saini cheti cha ukaguzi, nirudi nikuone."

Sumayiya akasaini.

Wiki tatu baadaye, saa nane mchana, radi ilipiga. Muuguzi Acen ndiye aliyepiga simu.

"Inverta ya sola imeungua, friji ya chanjo imezima. Kina mama wamejaa hapa na watoto wao. Dada, karatasi ina jina lako. Niwaambie nini?"

Sumayiya alipanda basi siku hiyohiyo. Nyuma ya zahanati alishika ile fimbo, akaivuta. Ilitoka kwa mkono mmoja. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, imebaki kipande kifupi kama mwiko.

Aliporudi Kampala, Ocaya alikuwa akimsubiri mlangoni kwake, mtaa wa Bugolobi, na mfuko wa maembe.

"Ulipima?"

Ocaya alitazama viatu vyake. "Kulikuwa na mwamba. Nilichimba siku mbili, mikono ikatoka damu. Nawe ulikuwa mgonjwa, nilitaka kurudi kwako."

"Usinisingizie mimi! Ulibuni namba, ukanipa nisaini. Ungesema 'nimeshindwa' tu, ningekuja hata na homa yangu."

"Nisamehe, Sumayiya."

"Nenda."

Ocaya alikwenda kwa bosi wao, akakiri yote, akafukuzwa kazi. Kisha akarudi Lamwo kwa hiari yake. Alichimba mtaro mrefu kuuzunguka mwamba hadi kwenye udongo mnyevu, akalaza waya wa shaba. Kampuni ilipoleta inverta mpya, Sumayiya alikuja kupima kwa mkono wake. Safari hii vipimo vilikuwa vizuri kweli. Friji ilipoanza kunguruma, Acen alipiga makofi.

Ocaya, amekonda, kucha zimejaa udongo, alitoa pete mfukoni.

"Nimerekebisha, mpenzi."

"Umerekebisha zahanati," Sumayiya alimjibu. "Nakupenda bado, sitakudanganya. Lakini ukisema uko njiani, nitataka kuiona barabara kwanza ndipo niamini. Sitaki kuwa mke wa namna hiyo."

"Hata baada ya mwaka?"

"Usinisubiri, Ocaya."

Sumayiya alipanda basi la Kampala peke yake. Basi lilipovuka daraja la Karuma, juu ya Mto Nile, alikuwa bado analia, na mama aliyeketi kando yake, bila kuuliza lolote, alimpa leso.