Pilipili Niliyomlisha Mchumba wa Mwanangu

Maneno yalinikuta saluni, nywele zimeviringishwa kwenye roli, dawa inaniwasha kichwani, siwezi hata kunyanyuka.

"Mama Wonsik," akaanza Mama Kyuri, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, "huyo msichana wa mwanao, umeshamwona akila?"

"Mara moja. Anakula vizuri tu."

"Alikula nini?"

Ikanibidi niseme. Kusema kweli alikula wali mtupu na yai.

"Basi ndiye huyohuyo! Dada yangu wa mjini Jeonju anamjua. Alishachumbiwa huko na watu wengine. Siku ya kwanza kwa mama mkwe akasukuma bakuli la tambi, eti hali. Baadaye wakamkuta chooni anatapika. Wakamrudisha kwao. Wapo wanaosema ana mimba ya mtu, wapo wanaosema tumbo lake limeoza, hazai. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema, Mama Kyuri."

"Nimesema kwa sababu nakupenda."

Saluni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nina mtoto mmoja tu, Wonsik, fundi wa lifti huko Jeonju, na baba yake tulimzika mtoto akiwa darasa la sita. Yale maneno nilikwenda nayo nyumbani, nikapika nayo, nikaoga nayo. Kesho yake nikampigia simu mwanangu.

"Wonsik, huyo Yeonju ana nini?"

"Mama, nilitaka nikueleze tukija. Ngano na shayiri ni sumu kwake. Zinamchuna utumbo ndani. Amepimwa damu, wamekata mpaka kinyama cha utumbo wakakiangalia. Si maringo."

"Umri wangu huu sijasikia mtu kuumwa na tambi."

"Sasa umesikia."

"Haya, mlete. Nitamtilia kijiko kimoja tu cha unga wa ngano kwenye mchuzi, tuone kama atakufa au anadeka."

Wonsik akashusha sauti.

"Mama. Hilo neno usilirudie tena."

"Ah, si utani tu!"

Ulimi hauna mfupa, jamani. Nilikata simu nikacheka peke yangu. Laiti ningejua.

Siku ya pili ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua:

"Shikamoo mama. Mimi Yeonju. Najua kunipikia mimi ni kazi. Naomba nije Jumapili mapema tupike wote, nitakuja na vyombo vyangu. Samahani kwa usumbufu."

Nikaisoma mara nne. Mtu anayedeka haandiki hivi. Moyo ukalainika, lakini kiburi cha jiko kikabaki palepale. Nikamjibu: "Mgeni hapiki kwangu. Njoo ule."

Nilipika siku mbili. Nilisugua masufuria mpaka yakang'aa kama kioo. Mwiko wa zamani nikautupa, nikanunua mpya. Sosi ya soya ya dukani, ambayo Wonsik aliniambia ina ngano ndani, niliitoa nje ya nyumba kabisa, nikatumia ya mtungi wangu, soya na chumvi basi. Tambi nikachagua zile za wanga wa viazi vitamu, nikazikaanga na karoti, uyoga na mchicha. Chapati za vitunguu nikazikanda kwa unga wa mchele, zikanikatikia mara tatu kikaangoni, nikalia kwa hasira, ya nne ikashika. Na katikati ya meza nikaweka fahari yangu, gochujang, ile pilipili nzito nyekundu ninayovundika mwenyewe kwenye mtungi uani. Mji wetu huu wa Gurye mzima, watu huja na vibakuli kuniomba.

Walifika saa sita mchana. Yeonju aliinama mpaka nywele zikagusa sakafu. Mwembamba, macho makubwa.

"Kaa, mwanangu. Ngano humu ndani hakuna hata punje."

Akala tambi. Akala chapati. Akashika kijiko, akasita mbele ya pilipili.

"Mama, nisamehe kuuliza. Hii ni ya dukani?"

"Dukani! Unanitukana mezani kwangu? Unga wa mchele wa kunata, pilipili, soya, chumvi. Mikono hiihii."

"Hakuna ngano?"

"Hakuna!"

Akachanganya kwenye wali, mboga na yai, akatia mdomoni. Akafumba macho. Machozi yakaanza kumtoka.

"Imekuunguza?" nikashtuka.

"Hapana mama. Miaka mitatu sijaionja. Za dukani siwezi, na bibi yangu aliyekuwa akinitengenezea amefariki."

"Basi kula! Wonsik, mwongeze. Mbona unamtolea macho, hujawahi kuona mwanamke anakula?"

Wonsik akacheka. Alikomba mabakuli mawili yule binti. Nikamfungia kichupa kizima cha pilipili aende nacho. Walipoondoka nilisimama barabarani nawapungia mkono kama mwendawazimu, nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Jioni, kabla ya taarifa ya habari, simu ikalia.

"Mama, umemtilia."

"Nimemtilia nini?"

"Usinifanye mjinga! Tuko hospitali. Amejikunja kama kamba, anatapika mpaka hana kitu. Ulisema utamtilia kijiko, ukamtilia!"

"Wonsik, haki ya baba yako sijamtilia!"

"Ulisema kwa mdomo wako!"

Akakata. Nikapiga, hakupokea. Ikaja meseji: "Usinipigie. Arusi hakuna mpaka nijue mama yangu ni mtu wa namna gani."

Siku nane. Nilipekua jiko, nikanusa kila kopo, nikapanga kila kitu sakafuni nikiuliza kitu kimojakimoja, ni wewe? Mama Kyuri akachungulia ukutani.

"Si nilikwambia? Mgonjwa huyo. Shukuru Mungu amejiondoa mwenyewe."

"Mama Kyuri, shuka kwenye huo ukuta kabla sijakumwagia maji ya kabichi ya kimchi."

Siku ya tisa simu ikaita. Yeonju. Kwa pupa nikabonyeza pabaya, ikakatika, ikanibidi nimpigie mimi.

"Mama, umekula?" Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mimi nile nini, mwanangu! Unaendeleaje?"

"Nimelala siku nne, sasa naamka. Mama, mimi siamini kwamba ulinitilia."

Nikakaa chini palepale jikoni.

"Kwa nini huamini?"

"Niliona mwiko mpya. Niliona vidole vyako vimechubuka kwa kusugua. Mtu hajichubui hivyo ili amuue mgeni. Lakini kuna kitu kimeingia. Nitajie vyakula vyote, hatua kwa hatua, usiruke hata maji."

Nikamtajia tambi. Nikamtajia chapati. Nikafika kwenye pilipili.

"Kwanza nachemsha unga wa mchele wa kunata kwenye maji ya kimea, mpaka uji uwe mtamu. Halafu naupoza, natia unga wa pilipili na..."

"Mama, subiri. Kimea cha nini?"

"Kimea ni kimea. Shayiri iliyooteshwa ikakaushwa."

Shayiri! Nikakumbuka maneno ya Wonsik.

"Lakini nakichuja!" nikapiga kelele. "Makapi yote nawatupia kuku, yanabaki maji tu!"

"Mama, hayo maji ndiyo yenyewe."

Miaka arobaini natengeneza ile pilipili. Mtu akiniuliza imetiwa nini, kimea sijawahi kukitaja, kama vile husemi ulitia moto. Mama yangu alinifundisha hivyo, na wake alimfundisha hivyo.

"Nimekuua, Yeonju."

"Sijafa, mama. Na mimi pia mjinga. Niliuliza ngano, sikuuliza shayiri. Nilikuwa na hamu mno."

"Mwambie Wonsik, tafadhali. Wewe atakusikia."

"Hapana." Sauti ikakaza. "Mwambie mwenyewe. Kosa la kimea nilikusamehe hata kabla sijalijua. Lakini lile neno la kijiko, Wonsik aliniambia. Hilo hujaniomba msamaha."

Nilidhani ni mnyonge. Kumbe ana meno.

"Nisamehe, mwanangu. Niliamini maneno ya saluni. Niliogopa utaninyang'anya mtoto."

"Nimekusamehe. Na maneno gani hayo ya saluni?"

Nikamwambia yote. Akacheka kidogo, akaguna kwa maumivu ya tumbo.

"Ni kweli nilitapika kwa mama mkwe yule. Nilikuwa bado sijaujua ugonjwa wangu. Alinilazimisha tambi, nikamheshimu, nikala. Ndipo nikaapa sitamheshimu mtu kwa tumbo langu tena."

Asubuhi yake nilipanda basi la kwanza kwenda Jeonju. Wonsik alinifungulia mlango, hakunikaribisha. Nikamwambia pale kizingitini, kimea na kijiko, vyote, sikujitetea. Akaegemea ukuta, akajifuta macho kwa mkono wa shati la kazini.

"Mama, nilikufikiria mabaya siku tisa."

"Nilikupa sababu. Sasa nipishe, mkwe wangu yuko wapi?"

Yeonju alikuja Gurye mwezi wa tatu, na vyombo vyake. Safari hii sikumkatalia jiko. Tulibishana kutwa juu ya pilipili mpya.

"Bila kimea utamu utatoka wapi?" nikamuuliza.

"Asali na sharubati ya plamu."

"Na ile asali ya mchele ya kwenye chupa?"

"Nayo wanaipika kwa kimea, mama."

"Eh! Kimea kimetuzunguka kama wadai."

Tukafunika mtungi, ukakaa juani. Arusi ikawa vuli. Wageni waliletewa tambi za mchele, maana arusi kwetu lazima tambi, watu waishi maisha marefu. Mama Kyuri akainua za kwake kwa vijiti.

"Arusi gani hii haina tambi za ngano?"

"Arusi ambayo bibi arusi anakula," nikamwambia.

Na Yeonju alikula, na vazi lake jekundu, mbele ya watu wote, hakuacha kitu. Jioni nilimpigia simu Wonsik mara tatu. Ya tatu akapokea Yeonju mwenyewe: "Mama, tumbo langu limetulia. Nenda kalale."

Kina mama wenzangu, nawaandikia ya kuepuka:

Usipeleke maneno ya saluni mezani kwako.

Usitishie, hata kwa utani, kumtilia mtu kitu kwenye chakula. Akiumwa kwa bahati mbaya, hakuna atakayekuamini.

Akisema hali ngano, usiulize "hata kidogo?" Hata kidogo.

Usimpe sosi ya soya ya dukani, wala pilipili ya dukani, wala maji ya shayiri ya kwenye jokofu, wala kinywaji cha mchele kilichotiwa kimea. Soma karatasi ya chupa. Kama huoni vizuri, mpe kijana akusomee.

Usitumie mafuta yaliyokaanga ngano. Wala mwiko wa mbao uleule.

Usiseme "nimechuja".

Usiseme "hakuna" kabla hujataja kila kitu ulichotia, na ulichotoa.

Usimfukuze jikoni mtu anayeujua mwili wake.

Usimlazimishe mtoto wa mwenzio kula ili akuheshimu.