Wimbo wa Bi Tuhfa

Jumamosi asubuhi soko la Mgandini halina pa kupitisha hata kikapu, na bado mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, hedifoni kichwani, ameelekeza maiki kwenye karai la viazi vya kukaanga. Wanu, fundi cherehani wa Usagara, nusura amwangukie.

"Kaka, viazi vimekujibu nini?"

"Vimesema nimsubiri dada mwenye mtandio wa zambarau."

Wanu akacheka bila kupenda, mkono ukaurekebisha mtandio.

Mwanamume huyo, Fadhil, alikuwa akitunga muziki wa filamu. Hakupenda ule unaopigwa mwanzo mpaka mwisho hadi maneno ya waigizaji yakazama. "Muziki mzuri una adabu," alimwambia kwenye simu wiki ileile. "Unanyamaza, unaingia pale mtu anapokosa la kusema."

"Wewe mbona hunyamazi?"

"Nitakapokosa la kukwambia, mpenzi, utajua."

Miezi mitatu wakawa hivyo, simu asubuhi, simu mchana. Siku moja Fadhil akakwama. Kwenye filamu aliyokuwa akiitungia, bibi harusi anaaga kwao, na kila muziki aliompigia ulikuwa baridi. Wanu, huku akishona pindo la gauni, akamwimbia simuni wimbo usio na maneno. Marehemu mama yake, Bi Tuhfa, aliuimba huko Wete akichambua karafuu.

"Huu ni wa mama. Umebaki kwangu tu, laazizi."

Wiki mbili baadaye mteja akaingia dukani akiuimba. Ameusikia kwenye trela, kile kipande cha kutangazia filamu, alisema, mtaa mzima wanauimba. Wanu alijiona kama aliyevuliwa nguo mbele za watu. Akampigia Fadhil simu.

"Mamangu unamtembeza mitaani?"

"Nilitaka nikufurahishe, Wanu..."

"Uliniomba lini?"

Akakata simu. Tangu hapo Wanu hakupokea simu ya Fadhil, ingawa kila ilipoita moyo ulimruka.

Ndipo Imakulata, mwongozaji wa filamu, alipomfuata dukani. "Njoo uitazame kabla haijatoka. Njoo kwa ajili yangu, si ya Fadhil."

Kwenye ukumbi mdogo wa Chumbageni, bibi harusi akafika mlangoni kuaga. Ikapigwa fidla, tamu lakini baridi. Waalikwa wakaanza kuchungulia simu zao.

"Wimbo ameuondoa, na trela ameifuta," Imakulata alimnong'oneza. "Nikamwambia ananiulia filamu. Akasema acha ife, wimbo una mwenyewe."

Wanu akainuka. Alimkuta Fadhil nje, shati limekunjamana, ndevu hazijaguswa siku nyingi.

"Nisamehe. Nilipaswa kukuomba."

"Basi omba."

Akaomba, macho yamemjaa machozi.

"Nitauimba mwenyewe," Wanu akasema. "Na jina la mama liandikwe."

Siku ya uzinduzi bibi harusi alisimama mlangoni, ukumbi kimya, kisha sauti ya Wanu ikaingia taratibu. Wanawake wa safu ya mbele wakajifuta macho kwa ncha za kanga. Mwishoni majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Wanu," Fadhil alinong'ona, "mjomba wangu Miraji aje lini kwenu kuposa?"

"Ngoja kwanza. Nimsome mama."

Likapanda jina la mama: "Wimbo: Bi Tuhfa Mbarouk, wa Wete." Mama yake hakuwahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya hospitali. Wanu alilisoma kwa sauti mpaka likapotea juu, akamgeukia Fadhil, akaushika mkono wake.

"Ahsante," alisema. "Mwambie mjomba aje kesho."