Chupa Yenye Jina la Muthoki

Muthoki Nyamai alikutwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya stoo ya divai, hatua mbili tu kutoka mlangoni, mkono wa kulia umenyooka mbele. Hakuwa na jeraha wala tone la damu. Nyuma yake mapipa matano ya mbao yaliendelea kuchacha taratibu, povu jekundu likipanda na kushuka, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Inspekta Benta Okoth wa idara ya upelelezi alichuchumaa kando ya maiti. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu, mwezi wa Machi mwaka wa 1996. Mlango na matundu ya hewa vilikuwa wazi, lakini harufu ya zabibu ilikuwa bado nzito kiasi cha kumfanya mtu ahisi amekunywa.

"Ni ajali, madam," alisema Kyule, kaka wa marehemu, ambaye hakutaka kuteremka ngazi. "Zabibu zikichacha hutoa hewa mbaya. Inajaa humu chini kama maji kwenye beseni. Mtu akiingia kabla haijatoka, amekwisha."

"Marehemu hakulijua hilo?"

"Alijua. Sote tunajua. Baba alitufundisha kuingia na mshumaa mkononi. Mshumaa ukizimika, unatoka mbio."

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kama kawaida yake, kuyakoroga mapipa. Mimi nilirudi saa mbili kasoro, nikaona kimya, nikafungua."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Umerudishwa tu. Komeo halikuwa limetiwa."

Benta alitazama sakafuni. Mshumaa ulikuwa umeviringika hadi kwenye kizingiti, na ulikuwa mrefu bado, ncha yake imeungua kidogo tu. Akanyanyua mkono wa marehemu kwa uangalifu. Kucha tatu zilikuwa zimevunjika, na chini ya zile zilizobaki kulikuwa na rangi ya kijani. Mlango wa stoo, upande wa ndani, ulikuwa wa kijani. Kwenye usawa wa kifua ulikuwa umekwaruzwa.

"Sajini," aliita kwa sauti ya chini.

Sajini Abdiqadir alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa puani. Dini yake ilimkataza kuonja kilichokuwa mle, lakini macho yake yalikuwa kazini.

"Mshumaa ulizimika, akageuka," Benta alisema. "Aliufikia mlango. Haukufunguka."

Abdiqadir aligusa komeo zito la chuma lililokuwa upande wa nje. "Basi kuna mtu aliyelitia, madam. Halafu akalitoa."

*

Shamba la Mzee Nyamai lilikuwa Njiru, nyuma ya Barabara ya Kangundo, kwenye mgongo wa mawe ambao wachimbaji wa kokoto walikuwa wameuzunguka pande zote. Mzee alikuwa karani zamani. Mwaka wa 1964 padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao Italia alimwachia vipande vya mizabibu vilivyofungwa kwa gunia bichi, na mzee akavipanda pale mahali ambapo hata mahindi yalikuwa yamekataa kuota. Watu walimcheka. Sasa mashina yalikuwa manene kama paja la mtu mzima, na divai yake ilinywewa katika hoteli za mjini na kumiminwa kwenye altare za makanisa mengi ya Eastlands.

Waliokuwa wakiishi bomani walikuwa wanne: mzee mwenyewe, aliyefiwa na mkewe zamani; Koki, binti mkubwa, mwenye miaka arobaini na moja, ambaye hakuwahi kuolewa; Kyule, aliyeendesha pikapu na kutafuta wanunuzi; na Muthoki, kitinda mimba, miaka ishirini na tisa.

Benta alimkuta mzee sebuleni, amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Mbele yake kulikuwa na chupa nne na boksi la lebo.

"Pole sana, mzee."

"Asante, mwanangu. Keti."

Alipoulizwa kuhusu kazi ya marehemu, mzee alizigusa chupa moja baada ya nyingine. Nyekundu ya kawaida, hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto. Nyeupe, kali kidogo, ya kunywa mtu akila samaki. Tamu ya altare. Mkono wake ulipofika kwenye ya nne, aliinyanyua.

"Hii ni mpya. Inatoka kwenye safu kumi na mbili za juu, zile nilizopanda kwanza. Miaka yote nilikuwa nikiichanganya na nyingine. Muthoki alionja, akafumba macho, akasema, 'Baba, hii iache peke yake.' Alikuwa na ulimi ambao sijawahi kuuona kwa mtu."

Benta alisoma lebo iliyobandikwa. Iliandikwa kwa herufi za dhahabu: MUTHOKI. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Mizabibu ya Kale, Njiru.*

"Lebo zilifika lini?"

"Ijumaa. Tulifungua boksi hapa hapa. Kyule alipiga makofi."

"Na Koki?"

Mzee alikunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka miwani. "Koki... Koki alikuwa akileta chai."

*

Jumanne alasiri daktari aliyeifanyia maiti upasuaji alipiga simu. Marehemu alikufa kwa kukosa hewa safi. Hakukuwa na sumu, hakukuwa na dalili za kunyongwa. Kucha zilivunjika akiwa hai.

Abdiqadir naye alikuwa na lake. "Kyule alisema asubuhi ile alipeleka katoni kumi hotelini. Nimeuliza. Hoteli hiyo haijapokea hata chupa moja wiki hii."

Kyule aliletwa kituoni. Jasho lilikuwa limemtoka kabla hajaketi.

"Ulikuwa wapi Jumatatu saa kumi na mbili?"

"Nilikuambia, madam."

"Ulinidanganya. Jaribu tena."

Kyule alitazama dari, halafu viatu vyake. "Nilikuwa Ruai. Na soroveya wa kupima ardhi na mtu mmoja anayetaka kununua kipande cha chini cha shamba. Watu wanajenga kila mahali, madam, na sisi tunapalilia matunda ya padre. Muthoki alijua, tukagombana Jumamosi. Baba akisikia atanilaani."

"Mlikutana wapi?"

"Kwa mama wa chai, kwenye steji ya matatu. Kuanzia saa kumi na mbili kasoro hadi saa moja."

Kufikia jioni soroveya, mnunuzi na mama wa chai walikuwa wamethibitisha hilo, kila mmoja kivyake. Kyule alikuwa mwongo, lakini hakuwa muuaji.

*

Jumatano asubuhi Benta alirudi Njiru na kuizunguka stoo kwa nje. Ilikuwa imechimbwa nusu ndani ya mteremko. Mlango ulikuwa upande wa juu, chini ya ngazi fupi za nje; upande wa chini, usawa wa sakafu, kulikuwa na matundu manne yenye vifuniko vya mbao ambavyo siku za kuchachusha viliegemezwa vijiti ili vibaki wazi. Mtu anayeingia kwa mlango wa juu hangeyaona.

Alipiga magoti. Kando ya tundu la tatu kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kipande cha katani kisichozidi urefu wa kidole. Kilikuwa kimekatwa mshazari kwa chombo kikali. Fundo lilikuwa bado limeushika msumari: dogo, bapa, mkia wake umerudishwa ndani.

Alilichomoa taratibu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akapanda shambani, akatembea kati ya mizabibu ya kale, na hatua zake zikaanza kupungua kasi. Kila shina lilikuwa limefungwa kwenye waya kwa katani. Kila fundo lilikuwa dogo, bapa, mkia umerudishwa ndani. Mamia kwa mamia.

Mzee Nyamai alikuwa amesimama mwisho wa safu na fimbo yake.

"Nani hufunga, mzee?"

"Koki. Mimi vidole vyangu vimekufa. Kyule hajui. Muthoki alijaribu siku moja, mzabibu ukaanguka." Uso wa mzee ulilainika kidogo. "Tulicheka sana siku hiyo."

*

Koki alikuwa safu ya tatu, makasi ya kupogolea mkononi, ingawa hapakuwa na cha kupogoa. Mavuno yalikuwa yamekwisha juzi tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome.

"Fundo hili linaitwaje?" Benta aliuliza, akigusa shina.

"Halina jina. Nililianzisha mimi."

Benta akautoa mfuko wa plastiki. "Na hili? Nimelitoa kwenye tundu la stoo."

Koki aliutazama mfuko. Makasi yalifunguka na kujifunga, mara mbili. Abdiqadir akasogea. Benta akamzuia kwa mkono.

"Hulazimiki kusema lolote, Koki. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumiwa mahakamani."

Chini kule machimboni nyundo ziligonga mawe.

"Mwaka jana palikuwa na nafasi ya inspekta mkuu," Benta alisema. "Akapewa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuandika ripoti. Siku aliyovaa cheo nilimpigia saluti, nikarudi nyumbani Makadara, nikapiga magoti nikaomba augue."

Koki aligeuka kwa mara ya kwanza. "Akaugua?"

"Hapana. Lakini niliomba."

Koki aliyaweka makasi juu ya waya, polepole, kama anayeogopa kuliamsha jambo.

"Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa," alianza. "Majani yote yalikauka. Baba alisema tung'oe tuuze kuni. Mimi nikabeba maji kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kichwani, miezi saba. Nitazame hapa." Akainua kitambaa cha kichwani. Juu ya paji la uso kulikuwa na mfereji mwembamba usio na nywele. "Muthoki alikuwa shule ya bweni. Akija likizo, anakula zabibu.

"Alikuja mtu kunioa, Mbithi, dereva, mtu mzuri. Baba akasema, 'Ngoja tuvune kwanza.' Nikangoja. Mbithi hakungoja.

"Halafu huyu Muthoki anarudi kutoka kazi ya hoteli. Anaonja vijiko vitatu, anafumba macho, na baba analia machozi. Gazeti likaja kumpiga picha. Yule mpiga picha aliniambia, 'Mama, hebu sogea, unaizuia mizabibu isionekane.' Nikasogea, Afande. Ningeweza kuendelea kusogea."

"Kisha lebo zikaja."

"Nilikuwa na sinia ya chai." Sauti yake ilishuka. "Boksi likafunguliwa. Kwa mbali niliona ni jina la mwanamke, dhahabu, na chini yake wameandika 'mizabibu ya kale'. Nikajua ni langu. Nilitabasamu, Afande. Nilitembea chumba kizima nikitabasamu. Mpaka nikafika karibu nikasoma."

Abdiqadir alifungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Jumapili jioni nikavifunga vifuniko vya matundu kwa katani. Asubuhi nilimngoja nyuma ya mti. Alipoingia nikatia komeo."

"Aliita?"

"Aliita."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Koki, nifungulie, mlango umekwama.'" Aligeuza uso upande wa stoo. "Hakumwita baba. Wala Kyule. Alijua niko karibu. Mimi niko karibu siku zote."

"Ukafanya nini?"

"Niliushika mkono wa komeo. Nilisema moyoni, aite mara moja tu tena, nitafungua. Hakuita tena. Nikasimama pale mpaka jua likapanda. Kisha nikafungua komeo, nikakata katani, nikaegemeza vijiti, nikaenda kuwasha moto wa chai."

Abdiqadir alikuwa ameacha kuandika. Benta alimwashiria aendelee, na yeye mwenyewe akatoa pingu. Koki alinyoosha mikono bila kuambiwa. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinene mno. Ilibidi pingu zifungwe jino la mwisho.

Walipofika getini, Mzee Nyamai alikuwa ameshasimama mbele ya gari, na Kyule nyuma yake akilia waziwazi. Mtu alikuwa amewaambia, au walikuwa wameona. Mzee alizitazama zile pingu. Alimtazama binti yake usoni, midomo yake ikitafuta neno, na lilipotoka halikuwa lile ambalo Benta alilitarajia.

"Koki," alisema. "Sasa mizabibu itafungwa na nani?"

Koki alisimama wima. Tabasamu dogo, baya, likampita midomoni.

"Mwulize Muthoki," alijibu.

Alikuwa ameshainama kuingia garini alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akaporomoka. Abdiqadir akamdaka kwapani, lakini hakuweza kumwinua, kwa maana Koki alikuwa amelishika tope la shamba la babake kwa mikono yote miwili iliyofungwa, na alikuwa akiita jina la mdogo wake, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango.