Shimo la Msandali

Anaeli, mlinzi wa msitu, alikutwa amelala kando ya shimo, mlimani juu ya kijiji cha Mamba. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Humo shimoni msandali ulikuwa umeng'olewa, mti wa kijani mwaka mzima ambao mizizi yake hutoa mafuta ya manukato. Hata ukungu ulinukia.

Inspekta Koleta kutoka Same alipiga magoti. Uso wa marehemu ulikuwa umeoshwa, macho yamefumbwa.

"Wezi hawaoshi maiti," alimwambia Konstebo Omari. Muuaji mwenye huruma hatoki mbali.

Nyumbani kwa marehemu, mjane wake Victoria alikaa mkekani. Mtoto wao mchanga alikuwa kifuani kwa Clemence, kaka wa marehemu, akibembelezwa kwa upole.

"Pole, mwanangu," Koleta alimwambia mjane. "Jana Anaeli alifuatana na nani?"

Victoria alimtazama Clemence. "Sijui."

"Aligombana na mtu?"

"Sijui, afande."

"Mwache apumue," alisema Clemence. "Mtoto ninaye mimi tangu asubuhi. Hanitoki mikononi."

Koleta akajilazimisha kutabasamu. "Nipe nami nimbebe, baba. Wajukuu wangu wako mbali."

Clemence alisita. Waombolezaji walikuwa wakitazama. Kumnyima mgeni mtoto ni aibu. Akampa.

Shuka la mtoto, pale viganja vya Clemence viliposhika, lilinukia msandali.

Koleta alimpakatisha Victoria mtoto, akasimama mbele yao. Omari akaziba mlango.

"Sasa sema, mwanangu. Unaye."

"Alisema nikifungua mdomo, mtoto atamfuata baba yake."

"Clemence, jana ulichimba nini?"

"Tangawizi."

"Tangawizi hainukii marashi."

Clemence alitazama viganja vyake. Akakaa chini.

"Alinikuta shimoni. Hakunifokea. Akanipa mkono nitoke, akasema, 'Kesho nitakusindikiza kituoni, kaka, hutakwenda peke yako.' Akageuka kunimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Nikampiga kwa jembe."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jela, afande. Nikamwosha uso, kama nilivyomwosha tulipokuwa wadogo. Halafu nikamwogopa huyu mke wake, asije akanitaja."

Omari akamfunga pingu. Victoria alikuwa amemfunika mtoto kwa khanga.

"Chai ile niliipika mimi," alisema. "Kabla ya kupanda mlimani, Anaeli aliniambia niongeze sukari. Alisema kaka yake anaipenda hivyo."